Deni la Zubeir bin Awwam na Warithi Waliongojeshwa Miaka Minne

Muislamu anapozikwa katika miji ya nchi hizi, kuanzia Bujumbura na Uvira mpaka Kigali na Kampala, kabla ya watu kutawanyika makaburini husimama mmoja wa jamaa za marehemu akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu na aje kwa wenyewe, na mwenye kudaiwa naye pia ajitaje. Tangazo lenyewe halichukui muda wa kukunja jamvi. Watu huitikia, huombwa dua, kila mtu akashika njia yake. Mara nyingi hapana anayesema kitu siku ile, kwani ni haya kudai mbele ya kaburi bichi. Na mwenye haki yake akija baada ya arobaini hukuta kitanda kimekwisha uzwa, kiwanja kimekwisha gawanywa, na kila mrithi humwelekeza kwa mwenziwe.

Katika Sahihi ya Imamu Bukhari imo habari ya mtu aliyetoa tangazo kama hili, si kwa dakika mbili, bali kwa miaka minne, na hali nduguze wanamhimiza awape mirathi yao. Mtu huyo ni Abdalla bin Zubeir, na marehemu ni baba yake, Zubeir bin Awwam (R.A.). Habari hii husomwa mara nyingi kwa ajili ya utajiri uliotajwa ndani yake. Yafaa isomwe kwa ajili ya deni.

Zubeir alikuwa mtoto wa Bibi Safiyya binti Abdul-Muttalib, shangazi yake Mtume (S.A.W.), na baba yake, Awwam, alikuwa ndugu yake Bibi Khadija. Ni mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, na Mtume alimwita hawari wake, yaani msaidizi wake wa karibu. Lakini hakuanza na mali. Mkewe, Bibi Asmaa binti Abubakar, amehadithia kwamba alipoolewa naye Zubeir hakuwa na kitu cha kutajika ila farasi wake na ngamia wa kuchotea maji. Bibi huyu, binti wa mfanya biashara mashuhuri wa Makka, alikuwa akimlisha farasi kwa mkono wake, akiteka maji, akishona ndoo ya ngozi, na akibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika ardhi aliyopewa mumewe, mwendo wa thuluthi mbili za farsakhi, yapata maili mbili. Hata mkate hakujua kuuoka vizuri. Wakimwokea majirani wa Kiansari.

Mali ilikuja baadaye, na Bukhari ameeleza ilikotoka. Zubeir hakupata kushika uliwali wa nchi, wala ukusanyaji wa kodi ya ardhi, wala kazi yoyote ambayo mkono wa mtu hupita juu ya fedha za umma. Alichopata alikipata katika vita alivyokwenda pamoja na Mtume, kisha pamoja na Abubakar, na Omar, na Othman. Alichokipata alikigeuza ardhi na nyumba. Alinunua al-Ghaba, bonde lenye miti upande wa kaskazini ya Madina, ambako ndiko ulikokatwa mti wa mimbari ya Mtume; aliinunua kwa 170,000. Akawa na nyumba kumi na moja Madina, mbili Basra, moja Kufa, na moja Misri.

Mtu mwenye nyumba katika miji minne, na ambaye hakupata kusemwa kwa khiyana, watu humwendea na fedha zao. Ndivyo ilivyokuwa. Watu walikuwa wakimjia Zubeir wakitaka awawekee amana. Naye alikuwa akikataa. Hakukataa fedha, alikataa jina. Aliwaambia kwamba hazipokei kuwa ni amana bali ni mkopo juu yake, kwa kuwa anaogopa zisije zikapotea.

Hapa pana jambo ambalo msomaji asipolifahamu habari yote itampita. Katika sharia, amana na deni si kitu kimoja, hata ikiwa fedha ni zile zile na sanduku ni lile lile. Mtu akiweka kwa jirani yake faranga laki moja kwa amana, na nyumba ya jirani ikaungua pasi na uzembe wake, jirani hana la kulipa. Hasara ni ya mwenye fedha. Lakini jirani naye hana ruhusa ya kuzigusa. Akizitumia hata siku moja pasipo idhini ameharibu amana, na tangu hapo ni mdhamini. Amma zikiwa ni mkopo, mambo hugeuka: aliyezipokea atazilipa kwa kila hali, ziungue, ziibwe au zizame, na kwa kuwa amebeba khatari hiyo, ana ruhusa ya kuzitumia katika biashara yake. Wanachuoni waliosherehesha Hadithi hii, akiwemo Ibn Battal, wameona makusudio yote mawili katika kitendo cha Zubeir: mwenye fedha apate dhamana, na Zubeir faida ya fedha zile iwe halali kwake. Wala hapakuwa na riba, maana aliyeweka hakuahidiwa nyongeza yoyote. Alirudishiwa kile kile alichokitoa.

Wala si sharia tu iliyomo humu. Imo pia maarifa ya tabia za watu. Khiyana nyingi hazianzi kwa wizi. Huanza kwa mtu mwema aliyewekewa fedha za mayatima au za chama. Kila siku huziona sandukuni, na siku moja ada ya mtoto hukosekana, akatwaa kidogo kwa nia ya kurudisha Ijumaa. Ijumaa hupita. Mwenye kuweka hajui, na mwenye kuwekewa hujiambia kwamba hakuiba, alikopa. Ila alikopa pasipo kumwambia mkopeshaji. Zubeir aliufunga mlango huu kabla haujafunguliwa. Alisema mbele ya mwenye mali, siku ile ile ya kupokea, kwamba fedha hizi ni deni na mimi ndiye mdaiwa. Hakukubaki siku ya kujidanganya.

Khitilafu hii ya amana na deni iliwahi kuletwa mbele ya Sayyidna Omar bin Khattab juu ya wanawe mwenyewe, na Imamu Malik ameihifadhi katika Muwatta. Abdalla na Ubeidullahi walipokuwa wakirudi kutoka Iraki, liwali wa Basra, Abu Musa al-Ash'ari, aliwapa fedha za umma wazipeleke Madina, akawaruhusu wazichukue kwa mkopo, wanunue bidhaa za Iraki, wauze Madina, walipe rasilimali na wao wabaki na faida. Wakafanya hivyo wakafaidi. Omar akawauliza kama kila askari wa jeshi lile alikopeshwa kama walivyokopeshwa wao. Walipojibu kuwa sivyo, aliwaamuru walete rasilimali na faida yote, maana walikopeshwa kwa kuwa ni watoto wa Amiri. Abdalla akanyamaza. Ubeidullahi akajitetea: mali ile ingepotea wao ndio wangeilipa. Hoja yake ilikuwa ya kweli, na Omar hakuitupa wala hakuikubali yote. Mtu mmoja barazani akashauri mali ile ifanywe ya mudharaba, na Omar akatwaa rasilimali pamoja na nusu ya faida, na vijana wakapewa nusu nyingine. Kwa hivyo kubeba dhamana ni haki ya kupata faida, lakini si kila mlango wa kukopa ni safi. Zubeir hakukopa kwa cheo, kwani cheo hakuwa nacho. Watu walimfuata nyumbani kwake kwa hiari yao.

Ikafika siku ya Vita vya Ngamia, karibu na Basra, mwaka 36 wa Hijra, sawa na 656. Zubeir alimwita mwanawe Abdalla, akasimama ubavuni mwake. Akamwambia kwamba siku hiyo hatauawa ila dhalimu au mwenye kudhulumiwa, na kwamba yeye haoni ila atauawa kwa kudhulumiwa. Kisha akataja lililomsumbua zaidi. Halikuwa vita, wala ukhalifa, wala watoto wake kumi na wanane, tisa wanaume na tisa wanawake. Lilikuwa deni. Akamuuliza mwanawe kama anaona deni litabakisha kitu katika mali yao. Akamuagiza auze mali alipe. Akausia thuluthi, na thuluthi ya thuluthi hiyo iwe ya watoto wa Abdalla, ikiwa kitabaki kitu baada ya kulipa. Akamwambia tena na tena kwamba akishindwa na jambo katika deni lile aombe msaada kwa bwana wake. Abdalla hakufahamu, akauliza bwana huyo ni nani. Baba akajibu kuwa ni Mwenyezi Mungu. Abdalla amesema baadaye kwamba hakupata dhiki katika deni lile akamuomba bwana wa Zubeir amlipie, ila lililipwa.

Hofu ile ina asili yake. Zubeir aliishi zama za Mtume, na watu wa zama zile walikwisha ona jeneza likiletwa, Mtume akauliza kama maiti ana deni, akaambiwa ana dinari mbili na hakuacha cha kulipia, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipozidhamini. Baadaye, mali ilipokuwa nyingi, Mtume akawa analipa mwenyewe madeni ya waliokufa bila kitu. Ikiwa dinari mbili zilifanya hivyo, mwenye kudaiwa laki nyingi alikuwa na haki ya kutolala.

Zubeir hakumaliza vita. Alikumbushwa neno la Mtume akajitenga, akauawa na Ibn Jurmuz katika bonde liitwalo Wadi as-Siba'. Mji wa az-Zubair, kusini ya Iraki, umeitwa kwa jina lake. Hakuacha dinari wala dirhamu hata moja ya taslimu. Aliacha ardhi, nyumba, na watu wenye kudai.

Abdalla alikaa akahesabu. Deni lilifika 2,200,000, yaani laki ishirini na mbili. Siku hizo akakutana na Hakim bin Hizam, mzee wa ukoo, mtoto wa ami yake Zubeir, naye akamuuliza ndugu yake ameacha deni kiasi gani. Abdalla akamficha, akasema laki moja. Hata hiyo laki moja ilimtisha mzee. Akasema haoni kama mali yao itaitosha. Ndipo Abdalla akamuuliza angesemaje lau ingekuwa laki ishirini na mbili. Mzee akasema haoni kuwa wataiweza, na kwamba wakishindwa na kitu wamuombe yeye msaada. Hakim huyu ndiye aliyejiapiza mbele ya Mtume kutopokea kitu cha mtu maisha yake yote, akakataa hata fungu lake la haki kwa Abubakar na kwa Omar. Asiyepokea alikuwa tayari kutoa.

Kwa nini Abdalla alificha? Wanachuoni wamelisemea jambo hili, maana hapakuwa na uongo: mwenye kudaiwa ishirini na mbili anadaiwa pia moja. Wamesema alichelea mzee asije akamdhania marehemu kuwa hakuwa na busara katika mali. Ni tabia inayojulikana katika kila nyumba yenye msiba. Jamaa husitiri deni la marehemu kuwa ni kumsitiri yeye mwenyewe, na wengi wakikwisha kulitaja nusu hawalitaji tena nusu iliyobaki. Abdalla alianza hivyo kama wanadamu wote, lakini hakumaliza mazungumzo yale kabla ya kuitaja hesabu kamili.

Ikabaki kuuza. Mtu mwenye haraka angemwita mnunuzi mmoja tajiri ampe al-Ghaba yote kwa bei ya msiba, nao wadai wakatulia. Abdalla aliikadiria kuwa mafungu kumi na sita, kila fungu 100,000, jumla 1,600,000. Ardhi iliyonunuliwa kwa 170,000 ilikuwa imepanda zaidi ya mara tisa. Kisha akatangaza kwamba mwenye kumdai Zubeir na amkute al-Ghaba. Akaja Abdalla bin Ja'far bin Abi Talib, naye alikuwa akidai 400,000. Huyu alikuwa mkarimu mashuhuri. Alisema wakitaka atawaachia deni lote. Abdalla akakataa. Akasema basi wakitaka waliweke nyuma ya madeni mengine. Akakataa pia. Ndipo bin Ja'far akaomba akatiwe kipande cha ardhi, akaonyeshwa tangu hapa mpaka pale. Ajabu ni kwamba kipande hicho alikiuza baadaye kwa Muawiya bin Abi Sufyan kwa 600,000. Aliyekuwa radhi kupoteza laki nne akapata laki mbili juu yake, na hapana aliyeonewa.

Wako watakaoona kukataa kule ni kiburi. Kusamehe ni haki ya mdai, na mtoto maskini akisamehewa deni la baba yake ni kheri iliyowafikia wote wawili. Lakini Abdalla hakuwa maskini wa ardhi. Alikuwa na cha kulipia, na baba yake alimuagiza auze alipe. Kupokea msamaha wa mtu mmoja mkarimu ili warithi wabakiwe na fungu kubwa zaidi kungekuwa ni kuila haya ya bin Ja'far.

Yaliyobaki yaliuzwa kidogo kidogo, pamoja na baadhi ya nyumba, kama walivyofasiri wanachuoni, kwa kuwa al-Ghaba peke yake isingetosha deni lote. Yalipobaki mafungu manne na nusu, Abdalla alikwenda kwa Muawiya. Barazani palikuwapo Amri bin Othman, Mundhir bin Zubeir na Ibn Zam'a. Kila mmoja akatwaa fungu moja kwa laki moja, na Muawiya akatwaa fungu moja na nusu kwa 150,000. Abdalla hakushusha bei hata katika fungu la mwisho.

Deni likesha. Hapo ndipo penye kiini cha habari. Watoto wa Zubeir wakamwendea ndugu yao wakamtaka awagawie mirathi yao. Dai lao lilikuwa la haki kabisa. Wadai waliojulikana wamelipwa, mali ipo, sharia imewapa. Katika Suratun-Nisaa Mwenyezi Mungu ameyataja mafungu ya warithi kisha akaeleza kuwa ni baada ya wasia na deni, na deni lilikuwa limelipwa. Abdalla akaapa kwamba hatagawa mpaka atangaze katika misimu minne ya Hija kwamba mwenye kumdai Zubeir na aje alipwe. Wengine katika wanachuoni wamesema alichagua minne kwa sababu nchi za mbali zilikuwa mwendo wa miaka miwili: miwili habari ifike, na miwili mdai aje. Zubeir alikuwa na nyumba Misri na Iraki. Nani ajuaye ni mtu gani wa Fustat au wa Kufa aliyempa fedha mkononi, pasipo shahidi, kwa kuwa alikuwa Zubeir?

Kila mwaka, msimu wa Hija, Abdalla akitangaza. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika muda huo mtoto wa Zubeir mwenye haja ya kuoa alioa kwa alichonacho, na mjane mwenye watoto alingoja. Hadithi haikutueleza maneno yaliyopita katika nyumba zile, lakini kila aliyewahi kusimamia mirathi anaweza kuyasikia. Kungoja huku hakukuwa faradhi juu ya Abdalla. Kulikuwa ni kuihifadhi heshima ya baba. Mwenye kutaka kumwiga asisahau kwamba wajane wale walikuwa na pa kulala, na kuwazuilia mayatima wasio na chakula kwa jina la tahadhari ni dhulma ya namna nyingine.

Baada ya mwaka wa nne aligawa. Alitoa thuluthi ya wasia, kisha wake wanne wakapata thumni yao, kila mmoja, kwa riwaya ya Bukhari, 1,200,000. Na riwaya hiyo hiyo ikasema mali yote ilikuwa 50,200,000. Mwenye kupenda hesabu na ashike kalamu, maana namba hizi mbili hazipatani. Wake wanne kwa 1,200,000 ni 4,800,000. Hiyo ni thumni, basi mirathi ni 38,400,000. Thuluthi iliyotolewa kwanza ni 19,200,000. Pamoja na deni jumla ni 59,800,000. Wanachuoni hawakufumba macho. Dimyati alisema laki mbili zile zimezidi katika kutajwa fungu la mke, na kwamba kila mke alipata milioni moja tu. Basi thumni ni 4,000,000, mirathi 32,000,000, thuluthi 16,000,000, deni 2,200,000, na jumla ni 50,200,000 barabara, bila kupungua wala kuzidi. Wengine, naye Ibn Hajar akaelekea huko, walisema hapana kosa: hesabu ya kwanza ni ya siku ya kufa, na ziada ni mavuno na kupanda kwa mali katika miaka minne ya kungoja. Kwa kauli hii warithi walioharakisha ndio waliofaidika na kucheleweshwa.

Juu ya hayo, njia ya Zubeir haifai kuigwa na kila mtu. Alikufa hana dirhamu moja mkononi, na deni laki ishirini na mbili shingoni. Kilichomuokoa ni ardhi iliyopanda bei, hesabu iliyowezekana kufuatiliwa, na mwana asiyeona haya kusimama Mina akitaja deni la baba yake. Mwenye duka dogo anayepokea fedha za majirani kwa mkopo, akazigeuza zote bidhaa, hana al-Ghaba nyuma yake. Sharia imemruhusu; busara yake ndiyo impe kipimo.

Waislamu wa nchi hizi wanalijua deni tangu asili. Misafara iliyofika Ujiji, Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 ilibeba nguo, shanga na nyaya za shaba zilizochukuliwa kwa mkopo Unguja. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, alipata mali ya safari zake kwa tajiri wa Kihindi Taria Topan, na malipo yalikuwa ni pembe zitakazorudi baada ya miaka. Biashara yote ile, kwa wema wake na kwa maovu yake makubwa ya kuuza watu, ilisimama juu ya neno la mtu aliye mbali kwamba atarudi kulipa.

Njia ya Zubeir ilitumiwa tena na umma mzima mbali na huku, katika Malaya. Waislamu wa mashamba kule waliokusudia Hija hawakutaka kuweka fedha katika benki za riba. Walizificha nyumbani, au wakanunua ng'ombe na ardhi, na mwaka wa safari wakauza vyote. Wengi walirudi na jina la Haji pasipo shamba la kulima. Mwaka 1959 mwalimu wa uchumi, Ungku Aziz, aliandika shauri kwa serikali: liwepo shirika la kuweka fedha za Hija, lizifanyie biashara ya halali. Tarehe 30 Septemba 1963 lilianza kupokea. Watu 1,281 wa kwanza waliweka zaidi ya dola 46,000 za Malaya, wastani wa dola 36 hivi kwa kila mtu. Shirika hilo, ambalo sasa huitwa Tabung Haji, kwa miaka mingi lilipokea fedha kwa mkataba wa amana yenye dhamana: laruhusiwa kuzitumia, na lazima lizirudishe kamili. Ndiyo lafdhi ya Zubeir kwa jina jingine. Na aliyelishauri aliijua tabia ya mkulima. Fedha isiyo na jina hutumika. Fedha iliyokwisha itwa ya Hija, mkono huona vigumu kuitoa kwa ajili ya harusi au redio.

Waliokuwa 1,281 wakawa zaidi ya milioni 9. Desemba 2018 serikali ya Malaysia ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa hesabu za shirika: mwishoni mwa 2017 mali yake ilikuwa na thamani ya ringgit bilioni 70.3, na iliyodaiwa bilioni 74.4. Sheria ya shirika inakataza kugawa faida wakati mali haitoshi kuwalipa walioweka, na tangazo lilisema kuwa faida ilikuwa ikigawiwa hata hivyo, miaka kadhaa. Waliokuwa wakuu walibishia hesabu hiyo. Lakini jinsi mambo yalivyofika huko si vigumu kufahamu: kila mwaka waliongoja gawio walikuwa mamilioni, na hapana msimamizi apendaye kusimama mbele yao akasema mwaka huu hesabu kwanza. Abdalla bin Zubeir alikuwa na warithi wachache tu, na hata hao ilibidi awaapie.

Serikali iliondoa sehemu ya mali ile ikaipeleka katika kampuni nyingine ili pengo lizibwe, na gawio la mwaka 2018 likawa asilimia 1.25, chini sana ya lile la miaka iliyotangulia. Wengi walinung'unika. Fedha walizoweka, ambazo serikali imezidhamini kwa sheria, hazikupungua, na wale waliokuwa na zamu yao ya Hija mwaka uliofuata walisafiri.